Mchanga Niliookea Krambo

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni.

Jana ilinyesha, leo limewaka jua la kuchoma utosi. Niko kibarazani kwa jirani yangu, Mama Rehema, siko kwangu. Kwangu milango iko wazi, madirisha yako wazi, na ndani hakuna mtu. Mikono yangu inanukia mdalasini na sabuni. Nimeinawa sijui mara ngapi.

Kama umeingia humu kutafuta mapishi ya krambo ya nanasi niliyoahidi wiki iliyopita, yapo huku chini. Yamechanganyika na mambo mengine. Leo sikuweza kuyatenganisha.

Mama mkwe wangu alifika juzi kutoka Mhunze, mkoani Shinyanga. Hakuja kusalimia. Tangu mwezi uliopita alishasema kwenye simu kwamba anakuja kumchukua Kabula. Kabula ni binti yangu, ana miaka minne, na ndiye pekee niliye naye.

Sababu anayo. Tunakaa pembeni ya mji wa Geita, mtaa ambao karasha za kusaga mawe ya dhahabu zinaanza kunguruma kabla jogoo hajamaliza, na vumbi lake linakaa hadi kwenye vikombe. Kwake kuna uwanja mpana, kuna maziwa, kuna binamu wa kucheza nao. "Mtoto anakohoa kama mzee wa sigara," anasema, "nyie mnasema mafua." Akisema hivyo mume wangu anaangalia chini. Anayekataa ni mimi. Nimekataa kwa simu, nimekataa kwa adabu, na juzi nilikataa kwa kunyamaza.

Simchukii mama mkwe. Ila mimi mwenyewe nililelewa kwa bibi, kule Masumbwe. Mama yangu nilikuwa namwona sikukuu kwa sikukuu, analeta gauni, anaondoka. Hadi leo tukikaa wawili tunaulizana habari za kuku, zikiisha habari za kuku tunanyamaza. Sitaki Kabula aje anitafutie maneno namna hiyo.

Jana wakati wa kula mama mkwe akasema, "Basi kesho jioni tukae, tumalize. Keshokutwa naondoka." Hakusema anaondoka na nani. Begi dogo la mtoto alilokuja nalo liko pembeni ya kitanda tangu afike, tupu, zipu wazi.

Ndipo nikaamua kuoka.

Najua ni ujinga. Mtu anakuja kukuchukulia mtoto, wewe unamwokea. Lakini nilitaka aondoke akijua kwamba kwenye hii nyumba ya vumbi kuna mama, na mama huyo anajua kutuliza mikono akatengeneza kitu kizuri.

Krambo nilijifunza nilipokuwa nafanya usafi jikoni kwenye nyumba moja ya wageni. Mpishi, dada mmoja wa Kipare mwenye roho nzuri na mdomo mkali, ndiye aliyeniambia kwamba ni keki ya watu wasio na muda. Unachukua nanasi moja kubwa lililoiva na ndizi mbivu mbili, unakata vipande vidogo. Unatia sukari vijiko vitatu vya chakula, mdalasini kijiko cha chai, tangawizi mbichi uliyoikwaruza, iliki nne za kutwanga na karafuu mbili. Karafuu zisizidi mbili, karafuu ina ubabe. Unachemsha hadi maji ya nanasi yapungue. Kwa juu, unga wa ngano vikombe viwili, siagi nusu kikombe, sukari nusu kikombe, chumvi kidogo sana. Unafikicha kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga. Usikande, ukikanda umekwisha. Mimi naongeza karanga za kukaanga, nimezitwanga nusunusu. Unamwagia juu ya matunda bila kushindilia.

Oveni sina. Nina sufuria kubwa na mchanga. Mchanga unauweka chini ndani ya sufuria kubwa, unaupasha moto vizuri, unakalisha sufuria ndogo yenye krambo juu yake, unafunika, kisha unapanga mkaa juu ya mfuniko. Mchanga ndio unaogawa moto. Bila mchanga chini inaungua na juu inabaki mbichi.

Mchanga wangu ni wa mtoni. Niliuchekecha, nikauosha, nikauanika siku mbili, nikauweka kwenye ndoo. Kabula juzi alichezea mfuniko akausahau uani, na mvua ya jana ikaingia yote. Asubuhi nilikuta uji.

Nyuma ya bafu kuna viroba vitatu vimefunikwa turubai. Mume wangu alivileta wiki iliyopita kwa bodaboda. Nilimuuliza ni nini, akasema mchanga wa lipu, atapiga lipu ukuta wa jiko. Nilifurahi. Nimelilia hiyo lipu tangu mwaka juzi.

Nikafungua kiroba kimoja. Mchanga wa kijivu, laini kama unga wa dona, hauna hata kokoto. Nikauchota na bakuli. Nikaupima mkononi.

Hapa nitaparudia.

Jiko letu ni la mabati, dogo, limeegemea nyumba. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni akichambua choroko, Kabula amejibana pembeni yake. Nilipokuwa nafikicha unga, mama mkwe akanyoosha shingo.

"Mama Kabula, hicho nacho ni nini? Ugali ulioshindwa kushikana?"

"Ni chakula cha wageni, mayu." Ndivyo ninavyomwita, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mimi si mgeni. Mimi nimefuata mjukuu."

"Basi mle kwanza, ndio mfuate."

Akacheka. Nami nikacheka. Tulicheka kwa meno tu, macho hayakuwemo.

Nikapasha mchanga, nikakalisha sufuria, nikapanga mkaa juu. Harufu ikaanza kutoka, nanasi na mdalasini na siagi, harufu ambayo mtaa wetu hauijui. Kabula akasogea, akachuchumaa karibu na jiko, kidevu juu ya magoti.

"Mama, inanukia Krismasi."

Nilimwacha akae. Nilifanya zaidi ya kumwacha. Karasha ya jirani ilipoanza kutupa vumbi, niliwavuta wote wawili ndani, mtoto na bibi yake, nikafunga mlango wa bati. Sikutaka vumbi limwingie mtoto mbele ya bibi yake.

Nilifunga mlango mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Tulikaa humo kama dakika arobaini.

Mume wangu aliporudi, krambo nilikuwa nimeshaiepua, imepoa kidogo, imekaa juu ya stuli ya jikoni. Alimsalimia mama yake, akaelekea bafuni kunawa. Nikasikia ndoo inaanguka. Kisha akaniita, si kwa sauti ya kawaida, "Mama Kabula, njoo mara moja."

Nilimkuta amesimama mbele ya kiroba nilichokifungua.

"Huu umeupeleka wapi?"

"Nimeokea. Wa kwangu umelowa."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwambia kama ni lipu atanunua mwingine, bakuli tatu tu. Akatikisa kichwa.

"Si wa lipu."

Niwaeleze nyie msiokaa huku. Mume wangu ni mchimbaji mdogo. Mawe yakishasagwa, mchanga wake unaoshwa mwaloni, yaani kwenye maji ya kuoshea dhahabu, na humo wanatia zebaki ili ikamate dhahabu. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa wanauita marudio. Hautupwi, maana una dhahabu iliyoponyoka, na kuna watu wanaununua wakaloweke upya kwa dawa zao. Una zebaki iliyoponyoka pia. Ukiachwa mwaloni unaibwa, kwa hiyo wengine wanalala nao nyumbani.

Kabula alipozaliwa, nesi wa kliniki alitukalisha wote wawili akatuambia: zebaki ikipata moto inatoa moshi usioonekana na usio na harufu, na anayeumizwa zaidi ni mtoto, kichwani. Tulirudi nyumbani tukakubaliana. Kitu cha mwaloni hakiingii hapa. Si buti, si karai, si nguo ya kazi. Miaka minne nimeshika hilo kuliko nilivyoshika mambo mengi ya kanisani.

Sasa nisikilize. Nilitegemea neno lake lililofuata liwe "mtoto yuko wapi." Neno lake lililofuata lilikuwa:

"Mama asijue."

Alinishika kiganja, jasho linamtoka. "Sema imeungua. Imwage. Viroba nitavihamisha kesho asubuhi kabla hajaamka. Akijua hili, Mama Kabula, anaondoka na mtoto leo leo, na mimi sitakuwa na mdomo wa kumzuia."

Ni kweli. Alichosema ni kweli tupu.

Nami nikafikiria. Naandika hapa kwa sababu hapa sijawahi kudanganya. Kwa muda wa pumzi mbili nilisimama nyuma ya bafu nikawaza: imwagwe, mlango ufunguliwe, mtoto aogeshwe kwa kisingizio cha matope, nani atajua? Mwezi mzima nimepigana. Jioni tunakaa kumaliza. Krambo imeungua, basi.

Niliporudi jikoni, mama mkwe alikuwa amefunua sufuria. Ilitoka vizuri, jamani. Sijawahi kuitoa vile. Rangi ya dhahabu, sharubati ya nanasi inachungulia pembeni. Alikuwa na kijiko kimejaa, anakipuliza, na Kabula amefungua mdomo kama kinda.

"Mayu, weka chini."

"Kina moto, napuliza."

"Weka chini. Kabula, toka nje. Sasa hivi. Na wewe mayu, toka."

"Kuna nini? Umezidisha chumvi?"

"Sumu."

Kijiko kilibaki hewani. Sikupaza sauti. Nilimbeba Kabula, nikamvuta mama mkwe mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe, tukatoka hadi kwenye mwembe wa Mama Rehema, na pale nikamweleza yote nimesimama. Mchanga ni upi, una nini, tulikaa nao muda gani, nani alifunga mlango. Mume wangu alikuwa nyuma yetu. Sikumgeukia.

Mama mkwe alimsemesha kijana wake kwa Kisukuma. Mimi ni Msumbwa lakini yote niliyaelewa, na siyaandiki hapa. Mume wangu alisikiliza kama mtoto wa darasa la pili.

Mengine yalikwenda harakaharaka. Mume wangu alijifunga uso kwa kitambaa kilicholowa, akalitoa jiko la mkaa na sufuria hadi kiwanjani, upande upepo unakoelekea, mbali na watu. Nilimwogesha Kabula, nikamvalisha nguo za Rehema zinazomfika chini kama kanzu. Tukaenda zahanati sote wanne. Nesi alimsikiliza kifua, akauliza maswali, akasema huenda pasiwe na kitu maana ni mara moja, lakini kipimo chenyewe hapo hakuna. Twende hospitali kubwa Jumatatu, mtoto na sisi tuliokuwemo ndani. Nyumba iache hewa ipite. Jiko lisifagiliwe pakavu, lipanguswe kwa kitambaa cha maji. Kabula yeye hakujali kifua. Njia nzima alilia kitu kimoja.

"Mama umemwaga Krismasi."

Sikuimwaga. Hata kuku wasije wakaila. Nimeifunga kwenye mfuko na kuitia kwenye kile kiroba chenye marudio, iondoke nacho.

Tuliporudi tukakaa hapa kibarazani. Ule mkutano wa kumaliza ukawa umefika wenyewe bila kuitwa. Nilimsubiri mama mkwe aseme "niliwaambia." Alikuwa na haki nayo. Nilishaandaa hata sura ya kuipokea. Hakusema. Alichambua zile choroko alizotoka nazo, moja moja.

Nikainuka. Nikaenda ndani nimebana pumzi kama anayepiga mbizi, nikatoka na lile begi dogo na nguo za Kabula zilizokuwa zimeanikwa uani. Nikaanza kuzikunja mbele yao. Gauni la kanisani. Sweta. Kandambili. Kanga yangu moja ya zamani, anayolalia.

"Anaenda Mhunze," nikasema. "Lakini hachukuliwi. Nampeleka mimi. Tunaondoka wote kesho, Jumatatu tunapima Shinyanga, halafu nawafikisha nyumbani, mimi narudi."

Mume wangu akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Viroba vitoke. Udongo uliovikalia uchimbwe, utoke navyo. Ile sufuria kubwa itoke, sitaipikia tena, hata kwenye msiba. Jiko pangusa wewe. Na siku nyingine ukiniambia mchanga ni wa lipu, uwe wa lipu."

"Nimekosa, Mama Kabula."

"Umekosa. Nimesikia."

Nikafunga zipu ya begi.

Sasa narudi pale niliposema nitaparudia.

Nilipochota ule mchanga na bakuli, nilishtuka. Ulikuwa mzito. Nimeolewa na mchimbaji, nimeishi huku miaka sita. Mchanga wa lipu hauna uzito ule, wala hausagiki kuwa laini vile. Nilisimama nao mkononi. Kuna kitu kilinigonga kifuani, kidogo tu, kama mtu anabisha mlango kwa kucha. Ningeweza kumpigia mume wangu simu, simu ilikuwa mfukoni. Lakini nanasi lilishachemka, mkaa ulishawaka, na mama mkwe alikuwa anatazama kutoka mlangoni mwa jiko. Nilitaka krambo itoke. Nilitaka kushinda.

Nusu ya moyo wangu ilijua. Nikaiambia inyamaze.

Hilo mume wangu halijui. Yeye amebeba lawama yote mgongoni, yuko kule anachimba udongo sasa hivi, namsikia sururu. Ningeweza kumwachia. Angebeba bila kulalamika.

Mama mkwe ndiye atakayekaa na mwanangu. Nikaona si haki ampokee mtoto kutoka kwa mtu asiyemjua. Nikamfuata kwenye kigoda alichokalia hapa kibarazani, nikachutama, nikamwambia. Nilimwambia kwamba niliupima mkononi, nikausikia uzito, nikaendelea. Nilijua ninachompa. Akitaka kutomrudisha Kabula, sababu ameshaipata, tena kutoka mdomoni mwangu.

Hakuacha kuchambua.

"Nilikuona," akasema.

"Mlinionaje, mayu?"

"Ukiupima. Nilikuona umesimama nao muda mrefu. Nikasema moyoni, huyu kuna jambo. Halafu nikasema, aa, mpishi anaujua mchanga wake." Akapuliza maganda ya choroko. "Na mimi nilitaka ikushinde, Mama Kabula. Nilitaka iungue. Nilikuwa nasubiri iungue nicheke."

Hatukuangaliana. Kabula alikuwa anakimbiza kuku na ile kanzu yake.

Baadaye kidogo akasema, sauti ya chini, akielekeza kidevu kule sururu inakolia: "Huyo akinipigia kwamba pamesafishwa, simleti. Ukinipigia wewe, namleta kesho yake."

Hivyo ndivyo tulivyomaliza.

Jua linazama. Ile ndoo yangu iliyolowa nimeimwaga juu ya gunia hapa uani kwa Mama Rehema, nimeutandaza mchanga wangu wa mtoni ukauke. Nimekaa naulinda paka asiufanyie mambo yake. Nimeuchota mara mbili, nikaupima. Mwepesi. Una kokoto moja moja, una kipande cha konokono. Sijui kwa nini naukausha wakati hata sufuria ya kuokea sina tena.

Kabula amekuja kujilaza mapajani. Amekohoa mara moja. Nimehesabu hiyo moja, na bado nasikilizia ya pili.

Asubuhi kabla ya stendi nitamsuka. Mistari, si mabutu, mistari inakaa wiki mbili kichwani kwa mtoto asipochezea mchanga. Nitaikaza kidogo kuliko kawaida. Ikifumuka kabla sijapiga ile simu, atakayeisuka upya ni bibi yake, nami nitajua nimechelewa.